Mbwa wa Ukingo wa Tana: Habari za Mlinzi Aliyegeuzwa Mwoga

Waliojishughulisha na kuandika tarehe ya bonde la Mto Tana wamekwisha kutueleza mengi ya manufaa. Wametuambia jinsi Clemens Denhardt na Dakta Fischer walivyoupanda mto huo mwaka 1878, jinsi mmisionari John Houghton na mkewe walivyouawa Golbanti mwaka 1886, jinsi usultani wa Witu ulivyoinuka na kuanguka baina ya Wajerumani na Waingereza, na jinsi mabwawa yaliyojengwa huko juu, na Masinga lililokamilika mwaka 1981 likiwa miongoni mwao, yalivyobadili mwendo wa maji yaliyokuwa yakirutubisha mashamba ya Wapokomo. Lakini katika tarehe hizo mbwa hana fungu lake, na akitajwa hutajwa kwa kupitia tu, ilhali hapana boma lililolala salama wala shamba lililovunwa salama katika nchi ile pasipo jicho lake au sauti yake kuwa na sehemu katika usalama huo. Makusudio ya makala haya ni kumpa nafasi anayostahili, na kubainisha kwamba yule mbwa mkubwa, chotara, mwenye khofu, anayeonekana leo pembeni mwa soko la Garsen akikimbia kila mkono unaoinuka, hakuzaliwa na khofu ile kama alivyozaliwa na mkia. Ametiwa khofu na wanadamu, kwa muda mrefu, kwa sababu zinazoweza kuhesabiwa moja moja, na jambo lililotiwa na wanadamu wanadamu wana uwezo wa kulitoa.

Garsen ni mji wa njia panda na wa kivuko. Atokaye Malindi kwenda Garissa hupita hapo, na aendaye Witu, Mokowe na Lamu huanzia hapo kuelekea mashariki, akiuvuka mto ulio mrefu kupita mito yote ya Kenya, wenye urefu wa kilomita zipatazo 1,000 tangu milimani hata Kipini baharini. Kandokando ya mto huo wanakaa Wapokomo, wakulima wa mpunga, mahindi, ndizi na maembe, ambao tangu zamani walilima kwa kuyasubiri maji ya mto yapande na kushuka. Nyuma ya mashamba, katika mbuga zinazoenea pande zote mbili, wanazunguka Waorma na Wawardei na ng'ombe wao, ambao wakati wa kiangazi hawana budi kuteremka mtoni. Baina yao wamo Wata, ambao asili yao ni wawindaji wa upinde, na katika vizazi vya karibu Wagiriama waliovuka Mto Sabaki kuja kaskazini kutafuta ardhi. Makabila haya yamehitilafiana kwa lugha, kwa dini na kwa njia ya kupata riziki, na mara nyingine, kama katika mwaka 2012 ambapo watu zaidi ya 100 waliuawa, yamehitilafiana kwa damu; walakini mbwa amehitajiwa na mkulima, na mfugaji, na msasi.

Mbwa mfugwaji si mwenyeji wa asili wa Afrika. Mifupa ya zamani kabisa iliyopatikana barani imeonekana Misri, katika udongo wa zaidi ya miaka 6,000 iliyopita, na wanazuoni wa mambo ya kale wanakubaliana kwamba alishuka kusini pole pole akifuatana na wenye mifugo, kutoka malisho hadi malisho, mpaka akaenea bara zima. Kwa hiyo mbwa wa nyika zetu, yule mwembamba wa kiuno, mwenye manyoya mafupi ya rangi ya mchanga na masikio yasiyotulia, si taka iliyobaki baada ya mbwa wa thamani kuondolewa, kama walivyodhani wageni waliomwita wa kishenzi. Yeye ndiye mbwa wa kwanza wa nchi, aliyechujwa na jua, na maradhi, na chui, kwa maelfu ya miaka, hata akabaki yule awezaye kuishi kwa kidogo.

Kazi yake katika zama hizo ilikuwa dhahiri. Katika boma la ng'ombe hakutakiwa kupigana na simba, maana hapana mbwa wa kumkabili simba. Alitakiwa amsikie fisi kabla ya mtu kumsikia, abweke, na mwenye mkuki aamke. Katika shamba la ukingoni hakutakiwa kumfukuza kiboko. Alitakiwa kuwatangaza nyani, ngedere na nguruwe wanaongoja mahindi yakomae, ili mtoto aliyelala kibandani ashike kombeo lake. Kwa msasi, Mgiriama akiwa mmoja wapo, alikuwa pua na miguu: alimfumbua paa aliyejificha kichakani na kumsukuma palipo na mshale. Wala jambo hili si la bara peke yake, kwa kuwa hata Unguja, kisiwa cha misikiti mingi, wasasi wa mashamba wameendelea kutoka na mbwa kuwasaka nguruwe wanaoharibu mihogo, bila ya mtu kuwatoa katika dini yao. Kwa jumla, mbwa wa zamani hakuwa mtoto wa nyumba, wala hakulala kitandani, wala hakupakatwa. Lakini alikuwa na mahali pake mlangoni, alikuwa na mabaki yake ya chakula, na alijua kwa uhakika ni nani bwana wake. Mbwa mwenye kujua mambo hayo matatu hana sababu ya kumkimbia kila mtu.

Sasa yafaa tuseme juu ya sheria, kwa kuwa wengi wanadhani kwamba khofu ya mbwa wa pwani ilianzia hapo. Uislamu ulikuwa wa kale katika miji ya Lamu, Pate na Kipini, ukaenea kwa Wapokomo wa juu, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ukawa dini ya Waorma. Na madhehebu ya pwani yetu ni ya Imamu Shafii, ambayo yanahesabu mate na unyevu wa mbwa kuwa ni najisi nzito, chombo alichokiramba kikioshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Hukumu hii ni ya tohara, yaani ni hukumu ya chombo, nguo na mahali pa sala. Nayo yenyewe si jambo la ijmai, maana Imamu Malik alimhesabu mbwa kuwa tohara na kuosha chombo kuwa ni ibada tu. Fauka ya hayo, ile ile sheria iliyoamuru udongo na maji iliruhusu waziwazi mbwa wa kuchunga, mbwa wa kuwinda na mbwa wa kulinda shamba, na Kurani katika Sura ya Maida imehalalisha mawindo yaliyokamatwa na mnyama aliyefundishwa. Katika Sura ya Kahf, wale vijana waliolala pangoni kwa ajili ya imani yao walikuwa na mbwa wao kizingitini, naye ametajwa pamoja nao kila hesabu yao inapotajwa. Na hakuna mtoto wa chuoni asiyeisikia hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa madhambi yake.

Wala maulamaa wa zamani hawakuona haya kumsifu. Ibn al-Marzuban wa Baghdad, aliyefariki mwaka 921, alitunga kitabu kizima cha kuonyesha ubora wa mbwa juu ya wengi katika wavaao nguo, akikusudia kuwatahayarisha watu wa zama zake kwa uaminifu wa mnyama wanayemdharau. Na al-Jahiz kabla yake alijaza kurasa nyingi kwa mjadala wa mbwa na jogoo. Basi mwenye kusema kwamba sheria ilimwamuru ampige mbwa jiwe ameizulia sheria. Iliyofanyika ni kwamba ada ya mji iliichukua hukumu ya tohara, ikaipanua mpaka ikawa chuki, na methali isemayo kwamba ukicheza na mbwa atakufuata msikitini, ambayo maana yake ni kuonya juu ya kuzoeana kupita kiasi, ikageuzwa kuwa ruhusa ya kumfukuza hata asiyekuja kucheza. Mtoto aliyefundishwa kujihadhari na mate alijifunza mwenyewe kutupa kokoto, na wazee wakanyamaza. Huo ndio mlango wa kwanza wa khofu.

Mlango wa pili ulifunguliwa na wageni wa Ulaya. Wamisionari wa Kimethodisti walifika Golbanti mwaka 1885, na wale wa Neukirchen, wakiongozwa na Ferdinand Würtz, wakajenga Ngao baada ya mwaka 1887. Nyuma yao wakaja maofisa, wawindaji na walowezi, na katika mizigo yao wengi walileta mbwa wa kwao. Ndipo nchi ilipouona mpango mpya, wa mbwa aliye na jina la mtu, aingiaye ndani, alaye nyama iliyonunuliwa. Wengine walikuja na mbwa wakubwa wa kuwindia: Mmarekani Paul Rainey aliwaleta Kenya mwaka 1911 mbwa waliozoea kuwinda dubu kwao, akawatumia kuwasaka simba, na sinema ya safari yake ikaonyeshwa Marekani mwaka uliofuata. Serikali nayo, kupitia polisi wake, ilikuja kutumia mbwa wa kunusa nyayo, na wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950 watu wengi walimjua mbwa mkubwa kwa mara ya kwanza akiwa upande wa mwenye bunduki. Mbwa hao waliingiliana na wa nchi, na kutoka hapo wakazaliwa machotara: mwili wa kigeni, mfupa mnene, kifua kipana, pamoja na akili na tahadhari ya mbwa wa nyikani. Chotara wa namna hiyo hupata hasara mara mbili. Umbo lake huwatisha watu, nao humpiga kabla hajafanya lolote. Na kwa kuwa tumbo lake ni kubwa, ndiye wa kwanza kuachwa chakula kinapopungua.

Mlango wa tatu, uliokuwa mpana kuliko yote, ni maradhi. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa pembezoni mwa Nairobi, miaka 27 baada ya Louis Pasteur kumdunga kijana Joseph Meister chanjo yake mjini Paris. Hapana mtu mwenye akili awezaye kuyadharau maradhi haya, kwa sababu dalili zake zikishaonekana kwa mwanadamu takriban hapana aponaye, na hata leo inakadiriwa kwamba watu wapatao 2,000 hufa kwayo kila mwaka nchini Kenya, wengi wao watoto. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria, nayo serikali ya Kenya huru ikairithi, ambayo bado imo katika Sura ya 365 ya Sheria za Kenya: eneo hutangazwa kuwa lina maradhi, mbwa hufungwa, na asiye na mwenyewe hukamatwa au kuuawa. Pamoja na chanjo, ambayo ilikuwa haki na hekima, zilitumika risasi na nyama iliyotiwa sumu; nazo hazikuchagua baina ya mgonjwa na mzima, bali zilichagua baina ya mwenye bwana na asiye na bwana. Waliosalimika walikuwa wale waliojifunza kutomkaribia mtu yeyote. Kwa njia hiyo sheria ilifanya bila kukusudia kazi ambayo mfugaji huifanya kwa kukusudia: iliwaua wenye kuamini, ikawaacha wenye kukimbia wazae.

Yafaa hapa kutazama nje kidogo, ili tusidhani kwamba ukatili huu ni sifa ya Afrika. Istanbul, mji wa makhalifa, kwa karne nyingi ulikuwa ukiwalisha mbwa wa mitaani, na walikuwako waja waliotoa sadaka kwa ajili ya chakula chao. Mwaka 1910 serikali iliyotaka mji ufanane na Paris iliwakusanya mbwa hao makumi ya maelfu, ikawapeleka kisiwa kikavu cha Sivriada katika bahari ya Marmara, wakafa huko kwa njaa na kiu. Mwaka huo huo wa 1910, kwa sadfa ya kuzingatiwa, kilianzishwa katika Afrika ya Mashariki chama cha kuwahami wanyama dhidi ya ukatili, ambacho leo kinajulikana kwa herufi za KSPCA, na makao yake yako Nairobi, upande wa Karen. Mwaka mmoja ulionyesha njia mbili ambazo wanadamu wamezifuata tangu hapo mintarafu ya mbwa asiye na mwenyewe.

Fikra ya kumwekea mbwa kama huyo makao haikuwa ya kale hata huko Ulaya. Mwanamke wa Kiingereza, Mary Tealby, alifungua makao ya mbwa waliopotea huko Holloway, London, mwaka 1860, na magazeti yakamcheka kwamba anawahurumia mbwa katika mji uliojaa watu wenye njaa. Makao hayo yakahamia Battersea mwaka 1871, yakadumu hata leo. Lakini waliozifuata nyayo zake walikuja kugundua jambo ambalo huruma peke yake haikuwafundisha, nalo ni kwamba ukuta na wavu humwokoa mbwa na risasi, wala haumwokoi na khofu. Mbwa mwoga aliyetiwa katika chumba cha saruji, katikati ya mbwa wengine wanaobweka mchana na usiku, huingia kona ya nyuma, akageuzia watu mgongo. Anayekuja kuchagua mbwa humpita, akamchukua mdogo mchangamfu wa mlangoni. Miezi ikizidi khofu huota mizizi. Ndipo ikazuka ada ya kumtoa makaoni na kumkabidhi mtu binafsi amlee kwa muda, nyumbani, mpaka atakapofaa kupewa mwenyewe wa kudumu.

Asili ya khofu hiyo imeelezwa na elimu. Katika maabara ya Bar Harbor, nchini Marekani, wataalamu walilea watoto wa mbwa katika kiwanja kilichozungukwa na ukuta bila ya kuguswa na mtu, wakawatoa kwa zamu katika umri mbalimbali, na mwaka 1961 wakatangaza waliyoyaona: mtoto wa mbwa aliyekutana na watu katika wiki zake za kwanza, baina ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi, aliwazoea upesi, na yule aliyekaa hadi wiki ya 14 pasipo kuwaona alikuwa kama mnyama wa porini. Mtu wa Garsen ataielewa habari hii bila ya maabara. Mto ukifurika, kama ulivyofurika mwaka 1961, na mwaka 1997, na mwaka 2018, na mwaka 2023, watu hukimbilia nyanda za juu na kile wanachoweza kubeba. Kijiji kikichomwa katika vita vya malisho, watu hukimbia na watoto wao. Methali ya pwani yasema kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko, na ni kweli kwamba wengi hawafi. Bali wanabaki, wanazaa vichakani na majaani, na watoto wao wanazipitisha zile wiki za thamani pasipo kumwona mwanadamu ila kwa mbali, mwenye fimbo. Wakifika mjini kufuata mabaki ya machinjio na hoteli za njiani, wao ndio mbwa koko, nao hawajawahi kuwa na bwana wa kumsahau.

Je, mbwa wa namna hiyo huweza kulelewa? Huweza, madhali mlezi anafahamu kwamba anachotafuta kwanza si kupendwa bali ni kutoogopwa. Mbwa mkubwa mwenye khofu hafuatwi kwa mikono miwili, wala hakodolewi macho, wala hainamiwi kutoka juu, kwa kuwa mambo hayo matatu katika lugha ya mbwa ni vitisho. Hupewa mahali pamoja pasipobadilika, penye kivuli na ukuta nyuma, ambapo hakuna mtu atakayemfuata. Kwa nyumba zetu hapo ni uani au karibu na lango, nje ya nyumba ya sala, na kwa hiyo Mwislamu mwenye kuchunga tohara yake hana haja ya kuvunja lolote. Chakula huletwa saa ile ile, na mtu yule yule, ambaye huweka sahani na kuondoka. Siku zikipita hukaa mbali kidogo, ubavu wake ukielekea kwa mbwa, akashughulika na kazi yake, kusuka mkeka au kuchambua mchele, kana kwamba mbwa hayupo. Umbali hupunguzwa na mbwa mwenyewe. Siku atakapokuja kunusa mkono uliotulia, mkono huo usimshike. Umwachie aende zake, na kesho atarudi kwa hiari yake karibu zaidi.

Baada ya hapo huja ukanda wa shingoni, halafu kamba iliyoachwa kuburutika ili aizoee, halafu kamba iliyoshikwa. Hapa ukubwa wake hutaka uangalifu, maana mbwa mwenye nguvu akishtushwa na pikipiki ya bodaboda aweza kumwangusha mtu mzima. Kwa hiyo hutembezwa alfajiri, njia zikiwa tupu, kabla ya kuonyeshwa soko. Watoto hufundishwa kabla ya mbwa: wasimkimbilie, wasimguse akila, wasimzingire. Mbwa mwingine mtulivu akiwamo nyumbani ni mwalimu bora kuliko mtu, kwa sababu mwoga humtazama mwenziwe anavyomwendea mtu bila ya kudhurika. Na kabla ya hayo yote daktari wa mifugo humchanja dhidi ya kichaa, humpa dawa ya minyoo na kupe, na humfunga uzazi, ili khofu yake isirithiwe na watoto wengine sita majaani. Mambo haya huchukua miezi, wala hayaharakishwi kwa fimbo wala kwa nyama nyingi.

Mafakihi wetu wana mlango mzima katika vitabu vyao juu ya amana, yaani mali ya mwingine iliyowekwa mkononi mwa mtu aitunze: haimiliki, hawezi kuitumia apendavyo, halipi ikipotea pasipo uzembe wake, lakini hulaumiwa na Mungu na watu akiizembea, na siku ya kutakiwa huitoa bila ya kinyongo. Sidhani kwamba kuna desturi ya kigeni iliyokuja pwani ikakuta nyumba yake imekwisha kujengwa kama hii ya kumlea mbwa kwa muda. Mlezi si mwenye mbwa. Ni mwenye dhamana. Uzito wa kazi yake uko mwisho, anapomkabidhi mwingine mnyama aliyemwamini yeye wa kwanza katika maisha yake, na wengi waliolea wamekiri kwamba kumtoa kulikuwa kugumu kuliko kumpokea.

Najua kwamba yapo maswali. Wako watakaouliza kama ni insafu kuhangaikia mbwa katika kaunti ambamo kiangazi huua ng'ombe na mafuriko hubomoa nyumba. Jawabu langu ni kwamba mwenye kuuliza hivyo amemtenga mbwa na watu, jambo ambalo tarehe ya Tana haikupata kulifanya. Utafiti uliofanywa katika mabanda na maboma ya Laikipia, na kuchapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba mahali palipokuwa na watu na mbwa karibu na mifugo, wanyama wakali walichukua wachache zaidi. Na mfugaji wa Tana, ambaye fisi na simba bado ni jirani zake, hakuhitaji kuambiwa. Kwa upande wa pili, maradhi ya mbwa wasiochanjwa hayabaki kwa mbwa: mwaka 1994 ugonjwa wa distempa ulioaminiwa kutoka kwa mbwa wa vijijini uliua kiasi cha theluthi ya simba wa Serengeti, takriban 1,000, na nchi ya Tana ina mbwa mwitu wake, na ina hifadhi yake ya msituni iliyoanzishwa mwaka 1976 kwa ajili ya mbega mwekundu na kima wa huko wasiopatikana penginepo duniani. Mbwa aliyelelewa akachanjwa ni ngome ya kijiji. Aliyekimbizwa vichakani ni mlango ulioachwa wazi.

Wako pia watakaosema kwamba risasi ni rahisi kuliko ulezi. Imejaribiwa tangu siku za ukoloni, na matokeo yake tunayaona. Mbwa wanaouawa nafasi yao hujazwa na wengine wanaotoka nje, wasiochanjwa, walio waoga zaidi. Na ndiyo sababu wataalamu wa afya wa dunia wamekubaliana kwamba dawa ya kichaa cha mbwa ni kuwachanja mbwa walau 70 katika kila 100 na kurudia chanjo hiyo, na Kenya yenyewe imeandika katika mpango wake wa mwaka 2014 kwamba hadi mwaka 2030 maradhi haya yakomeshwe. Lakini mwenye sindano hawezi kumchanja mbwa asiyekamatika. Afisa wa mifugo afikapo kijijini, mbwa wanaoletwa kwa kamba ni wale wenye watu wao, na mbwa mwoga, aliye na haja kubwa kuliko wote, hutazama kutoka mbali. Kwa hiyo kuitoa khofu ya mbwa si anasa ya watu wenye nafasi. Ni sharti la kwanza la afya ya umma.

Kutokana na haya yote, hukumu yangu ni hii. Bonde la Tana halihitaji kuagiza kutoka London namna ya kumpenda mbwa, wala halilazimiki kumwingiza chumbani. Linalo la kwake: mbwa wa mlangoni, mwenye mahali pake, maji yake, kazi yake na bwana wake, ambaye sheria ya Mungu ilimruhusu na mahitaji ya watu yalimtaka. Lililopotea ni yule bwana, na kazi ya mlezi wa muda ni kushika nafasi yake mpaka apatikane. Serikali ya Kaunti ya Tana River, ambayo tangu mwaka 2013 imekabidhiwa mambo ya mifugo, ipeleke chanjo Garsen, Ngao, Hola na vijiji vya delta kila mwaka kabla ya mvua, iache sumu, na iwape walezi wanaojitolea msaada wa daktari bila ya malipo. Walimu wa vyuo vya Kurani na wa makanisa wawafundishe watoto hukumu ya tohara pamoja na hadithi ya kisima, zote mbili, bila ya kuitenga moja na nyingine. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na aende hospitali siku ile ile. Na wewe msomaji, ukiwa na ua, na kivuli, na mabaki ya chakula cha jioni, na subira ya miezi michache, mpokee mmoja kwa amana, umchanje, na umkataze mtoto wako kumrushia jiwe.